Kabla ya kurekodi, sikiliza

Mdogo wangu, unasema unapenda sanaa ya kusikiliza sauti za mtaa, ila una simu tu na kila ukirekodi hapa Lamu unapata upepo. Wiki ya kwanza iache simu nyumbani. Baada ya alfajiri keti barazani, fumba macho. Punda mwenye mzigo utamjua kwa kwato nzito, na shogi, ule mfuko wa mzigo mgongoni mwake, likikwaruza ukuta wa kichochoro. R. Murray Schafer, mtunzi wa muziki wa Kanada, aliwafundisha wanafunzi wake hivyo miaka ya 1960: masikio kwanza. Halafu nenda Matondoni, kijiji cha waunda majahazi, usikilize nyundo ya kalafati, ya kuziba nyufa za jahazi kwa pamba. Pamba ikishakaza kwenye mbao, mlio hubadilika. Upepo? Nisingeufuta wote. Kusi nayo ni sauti yetu.