Jibu: Daraja la kwanza kwa safari ya London

Ndugu, umeuliza kama inafaa kuongeza pesa uhame daraja la biashara, ukae la kwanza hadi London kupitia Dubai. Kabla hujalipa, angalia aina ya ndege kwa kila kipande cha safari.

Lile bafu la kuogea la daraja la kwanza la Emirates, shirika la ndege la Dubai, lipo kwenye ndege aina ya Airbus A380 tu, ghorofa ya juu. Unapangiwa muda wako, na maji ni ya dakika 5. Unaweza kuyafunga ukijipaka sabuni, kisha uyafungulie tena. Raha yake kweli ni kubwa. Kwenye Boeing 777 bafu hakuna, ila zile zenye vyumba vya abiria wa daraja la kwanza vilivyozinduliwa mwaka 2017 zina vyumba 6 tu, vimefungwa toka sakafuni hadi darini.

Kenya Airways na Ethiopian hazina daraja la kwanza. Biashara ndiyo ya juu kabisa.

Mimi ningekushauri hivi: kama shida yako ni usingizi, kiti cha biashara kinacholala kabisa kinatosha. Hiyo nyongeza ilipie usiku ule unaotaka faragha, na chakula kiletwe saa unayotaka wewe.