Usikate Kadi Yako Siku ya Kustaafu

Juzi msomaji mmoja, mwalimu aliyebakiza miezi mitano kazini, aliniandikia: "Mama, ninazo kadi tatu za mkopo. Nikipokea kiinua mgongo nataka nizilipe, nizifunge zote, nistaafu bila kudaiwa na mtu. Unasemaje?"

Nilicheka peke yangu, halafu kicheko kikakwama kooni. Mimi ndivyo nilivyofanya.

Miaka 31 nimetunza hesabu za fedha za watu wengine. Mhasibu mzima! Wiki niliyopokea mafao yangu nililipa kadi zangu mbili mpaka senti ya mwisho, nikapeleka barua benki zifungwe, nikarudi nyumbani nikashika mkasi. Nilizikata mbele ya wajukuu kama mgeni rasmi anayekata utepe. Moja nilikuwa nayo kwa miaka 17, na sikuchelewa kuilipa hata mwezi mmoja. Hilo nalisema kwa kujivuna, na nadhani nina haki.

Miezi tisa haikupita vizuri, nikasafiri kwenda kumwona binti yangu aliyeolewa nchi ya mbali. Hotelini wakataka kadi. Nikatoa ile ya kawaida ya benki, inayochota moja kwa moja kwenye akaunti. Walikata gharama ya chumba, kisha wakazuia na fungu jingine la dhamana, endapo nitavunja kitu au kuondoka bila kulipa. Hoteli nyingi hufanya hivyo, na watu wa kukodisha magari pia. Kwa kadi ya mkopo kinachozuiwa ni sehemu ya kiwango ulichoruhusiwa kukopa, akaunti yako haiguswi. Kwa kadi yangu ilizuiwa pensheni yangu, na ilibaki imezuiwa siku kadhaa baada ya mimi kuondoka. Fedha ninazo, na sina. Nilimwomba binti yangu nauli ya teksi, mimi niliyemlipia ada mpaka chuo kikuu.

Niliporudi nilikwenda benki, ileile niliyofungua akaunti tangu ujana, kuomba kadi upya. Kijana aliyenihudumia alitazama kompyuta yake muda mrefu, kisha akasema, "Mama, ungekuja kabla hujastaafu." Alisema kwa adabu kabisa, na adabu ile ndiyo iliyoniuma. Benki hutazama kinachoingia kila mwezi, na pensheni yangu ni ndogo kuliko mshahara niliokuwa nao. Kadi ya miaka 17 ambayo ingenitetea nilikuwa nimeifunga kwa mkono wangu.

Sitawachosha na fomu na safari zilizofuata. Mwishowe nilipata kadi kwa kuweka amana kama dhamana, yaani kiwango cha kukopa ni kile nilichowawekea mwenyewe. Nakopeshwa fedha zangu!

Kwa hiyo mwalimu wangu, mambo ya kadi yamalize ukiwa bado una hati ya mshahara mkononi. Kama unahitaji kubadilisha kadi, omba sasa. Usifunge zote. Bakiza moja, au mbili ukiwa msafiri, na ya kubakiza iwe ya zamani na yenye ada ndogo ya mwaka. Zile zenye ada kubwa kwa ajili ya kumbi za kupumzikia viwanja vya ndege, ziage. Kisha iombe benki ipunguze kiwango cha kukopa mpaka pale ambapo pensheni ya mwezi mmoja inaweza kulipa. Wengi wanaona aibu kuomba kupunguziwa. Aibu ya nini? Na kadi itumie kwa kitu kidogo kila baada ya muda, umeme au simu, maana benki inaweza kuifunga kadi iliyolala.

Halafu lipa deni lote kila mwezi. Nasema lote. Kadi ya Diners Club ya mwaka 1950, mojawapo ya kadi za mwanzo za kulipia baadaye, iliyokuwa ya karatasi ngumu, mwenye nayo alitakiwa alipe deni lote hesabu ilipofika. Kulimbikiza deni mwezi hata mwezi kulikuja baadaye, na hapo ndipo wastaafu tunapozama. Taarifa ya kadi inakuonyesha "kiasi cha chini cha kulipa", kidogo hivi, cha kupendeza. Hebu fanya hesabu nami. Unadaiwa 100,000, riba ni asilimia 2 kwa mwezi, kiasi cha chini ni asilimia 3 ya deni. Mwezi wa kwanza unalipa 3,000, riba inameza 2,000, deni linapungua 1,000. Deni likipungua, na kiasi cha chini kinapungua. Ukifuata mwendo huo, itakuchukua karibu miezi 69 kulipunguza deni hilo nusu tu! Lakini ukishikilia ileile 3,000 kila mwezi bila kushuka, ndani ya miezi 56 umelimaliza lote. Hesabu hii niliijua kazini, na bado nimewaona wenzangu, wasomi wazima, wakilipa kiasi cha chini huku wakijisifu kuwa hawajawahi kuchelewa.

Tarehe ya kulipa nayo iangalie. Kama pensheni inaingia tarehe 28 na kadi inadai tarehe 20, omba isogezwe. Benki nyingi hukubali. Na usitoe fedha taslimu kwa kadi ya mkopo kwenye mashine. Riba ya fedha hizo kwa kawaida huanza siku hiyohiyo, na ada juu yake.

Watoto. Hapa nitasema kidogo kwa sababu wengine wanasoma. Kadi ya nyongeza unayompa mwanao deni lake ni lako, jina lake lililochapwa juu yake halibadilishi kitu. Mimi nililipa deni la mtu miezi minne, na mwenyewe aliniambia, "Mama, si una pensheni?" Penda wanao, wape nauli, wape chakula, kadi usiwape. Wala tarakimu tatu za nyuma ya kadi usimtajie mtu yeyote anayepiga simu, hata akikuita kwa majina yako yote matatu.

Jumatatu iliyopita ile benki yangu imenitumia ujumbe: "Mteja wetu mpendwa, umeteuliwa kupata kadi maalumu ya mkopo. Bonyeza hapa." Nimewaonyesha wajukuu. Mdogo wao akauliza kama alete mkasi.