Mwanangu anavuta vepu na anasema si haramu kwa kuwa haina tumbaku

SWALI: Assalaam alaykum sheikh wangu. Mwanangu wa kiume ana miaka 15. Nimekuta kwenye begi lake la shule kidude nilichodhani ni flashi ya kompyuta, kumbe ni vepu, hii sigara ya kielektroniki. Nilipombana akaniambia kile si sigara, hakina tumbaku wala moshi, ni mvuke tu na haulevyi, kwa hiyo si haramu. Mjomba wake akamtetea: mwache mtoto, masheikh wakubwa wa zamani walisema tumbaku ni makruhu tu, na marehemu babu alibwia tumbaku mpaka miaka 90. Baba yake anataka kumtoa nyumbani. Mimi kwa hasira niliapa, wallahi sisemi naye mpaka aache. Leo ni siku ya 9 na hajaacha. Pia amekiri kwamba Ramadhani iliyopita alikuwa akivuta mchana akidhani mvuke haubatilishi saumu. Nifanye nini?

JIBU: Waalaykumu ssalaam warahmatullahi wabarakatuh.

Dada yangu, swali lako nimelisoma baada ya Isha na usingizi ukanipaa. Maswali ya vepu napata mengi, lakini zile siku 9 ndizo zilizonikesha. Nitazifikia. Kwanza niiseme hukumu isibaki shaka: kuvuta vepu yenye nikotini, ile kemikali ya tumbaku inayoleta uraibu, ni haramu, kama sigara, kama shisha, kama vile vipakiti vya nikotini vinavyofichwa chini ya mdomo. Dalili unazijua, "wala msijitie katika maangamizo kwa mikono yenu", na "hakuna kudhuru wala kudhuriana", sina haja ya kuzirefusha. Nitakaa zaidi na hoja za mwanao na mjomba wake, kwa sababu nimezisikia neno kwa neno kwa vijana wasiojuana, na sasa hata baadhi ya walimu wa dini wanazikariri.

Anasema haina tumbaku. Nikotini nyingi inayotiwa kwenye vepu hutolewa katika jani lile lile la tumbaku. Nyingine hutengenezwa maabara, na mwili hauulizi imetoka wapi. Mtume, rehema na amani zimshukie, alikwisha kututahadharisha na watu watakaokunywa pombe wakiipa jina lisilo lake. Hukumu huandamana na sababu yake, jina libadilishwe mara kumi.

Anasema haina moshi. Hapa tuwe waadilifu, maana uongo ukisemwa kwa ajili ya dini huiumiza dini. Ni kweli mvuke hauna lami ya sigara wala ile gesi ya monoksidi ya kaboni itokayo kwenye kitu kinachoungua, na wataalamu wanasema mtu mzima aliyevuta sigara kwa miaka, akihamia kabisa kwenye vepu, hupunguza sumu anayoivuta. Vijana wameidaka kauli hii na kukimbia nayo. Lakini wanafiqhi wanaposema lichukuliwe dhara jepesi kati ya madhara mawili, wanasema na mtu aliyekwisha kubanwa na hayo mawili. Mwanao alikuwa na mapafu safi, hakubanwa na lolote. Aliyesimama nchi kavu haambiwi achague azame maji ya kina au ya kifuani. Tena mvuke huo si wa birika. Ni kimiminika cha propilini glaikoli, gliserini, nikotini na viungo vya ladha, kinachochemshwa kwa kijiwaya cha umeme, na ndani yake hupatikana formaldehaidi na chembe za metali.

Anasema hailevyi. Sumu ya panya nayo hailevyi. Nani aliyesema kila haramu sharti ilevye? Nikotini ikivutwa hufika ubongoni kwa sekunde zisizozidi 20, ikaamsha dopamini, ile kemikali inayouambia ubongo "hiki ni kizuri, kirudie". Ubongo wa mwanadamu huendelea kukomaa mpaka karibu na miaka 25. Unaokomaa huku unalishwa nikotini hujijenga ukiwa na haja nayo, ndiyo maana kijana hunaswa upesi kuliko mtu mzima.

Nikueleze nililoliona mwenyewe. Nilikuwa nasikiliza hifdhi, Qur'ani ya moyoni, ya kijana wa miaka 16, msomaji mzuri, matamshi yake mfano kwa wenzake. Siku hiyo kila akifika kwenye herufi ya fa, inatoka imevia. Nikamrudisha mara tatu. Fa hutoka ndani ya mdomo wa chini ukigusana na ncha za meno ya juu, nami nikaona ule mdomo umevimba kidogo upande mmoja. Nikamwambia, toa. Akatoa kipakiti cheupe, kidogo kama ukucha wa kidole gumba, akakishika kiganjani na machozi yakamtoka. "Ustadhi, nikikaa bila hiki siioni hata mistari." Cha kwanza alipewa bure na mwenzake, baada ya mechi, mbele ya watu. Hakukipenda. Alikipokea kwa sababu wote walikuwa wanamtazama. Kijana aliyefikia kutoweza kusoma Kitabu cha Mola wake bila idhini ya kipakiti, huyo tuambiwe hajadhurika kwa kuwa hakulewa?

Sasa masheikh wa zamani. Mjomba amesema kweli nusu, na nusu hiyo ndiyo inayopoteza watu. Tumbaku asili yake ni bara la Amerika, na ilienea katika nchi za Waislamu karibu na mwaka 1000 wa Hijria. Hakuna imamu yeyote kati ya wale wanne wa madhehebu aliyewahi kuiona. Wanazuoni waliokuja baadaye wakakhitalifiana vikali: huko Misri, Ibrahim al-Laqani aliiharamisha na Ali al-Ujhuri akairuhusu, na wote wawili ni Wamaliki. Katika Mashafii, al-Qalyubi aliiharamisha. Huko Damascus, Abdulghani al-Nabulsi, aliyefariki mwaka 1731, aliitetea. Walioiruhusu walijenga juu ya nini? Juu ya msingi kwamba asili ya vitu ni halali mpaka dhara lithibiti, na kwa macho ya zama zao halikuthibiti. Hata hivyo al-Ujhuri mwenyewe aliweka sharti kwamba yule inayemdhuru, kwake ni haramu.

Dhara limethibiti. Mwaka 1950 watafiti wa Uingereza na wa Marekani walionyesha uhusiano wa sigara na saratani ya mapafu. Mwaka 1964 mganga mkuu wa serikali ya Marekani akalitangaza rasmi. Leo Shirika la Afya Duniani linahesabu zaidi ya watu milioni 7 wanaokufa kwa tumbaku kila mwaka, wakiwemo wasiovuta ambao kosa lao ni kukaa karibu na mvutaji. Anayechukua fatwa ya mtu asiyejua haya akamvalisha anayeyajua, anawadhulumu wale wanazuoni. Wao walihukumu kwa walichokiona. Sisi tunaona zaidi, na Mwenyezi Mungu atatuuliza kwa tunachokiona. Ama babu kufika miaka 90, Allah amrehemu, ajali yake, yaani siku yake ya kufa, ilikuwa imeandikwa. Hatumjengei mtoto hukumu juu ya ajali ya mtu mwingine.

Lakini dada yangu, hata ukimsomea mwanao yote haya, kidude hakitamtoka mkononi. Saratani ya uzeeni haimtishi mtu wa miaka 15, kwake miaka 60 ni nchi ya mbali. Mwambie jambo ambalo kijana halivumilii, kwamba kuna watu wanamchezea. Mwaka 1981 waraka wa ndani wa kampuni ya sigara ya Philip Morris uliandika kwamba kijana wa leo ndiye anayetarajiwa kuwa mteja wa kudumu wa kesho, na kwamba wavutaji walio wengi huanza wakiwa bado katika umri huo. Waliujua umri wa mwanao kabla hajazaliwa. Na mwaka 1994 wakuu wa makampuni saba ya tumbaku walisimama mbele ya Bunge la Marekani, wakainua mikono ya kulia, na chini ya kiapo wakasema hawaamini kuwa nikotini huleta uraibu. Mwachie hayo ayatafakari, kisha muulize swali moja: ukiamka asubuhi unashika nini kwanza? Usimjibie. Anayeitafuta nikotini dakika tano baada ya kufungua macho, kabla ya kutawadha, ameshakamatwa sana, na akiligundua hilo mwenyewe litaingia kuliko hotuba yangu.

Namna ya kuliuliza tunayo kwa Mtume, rehema na amani zimshukie. Alijiwa na kijana akiomba ruhusa ya kuzini. Watu wakamkemea. Yeye akasema sogea, akamkalisha karibu, akamuuliza, je, unampendea hilo mama yako? Binti yako? Dada yako? Kisha akaweka mkono juu yake na kumuombea. Mumeo anataka kumtoa nyumbani. Atakwenda wapi? Kwa wale wale waliompa. Mwambie baba yake nimemuomba asifanye hivyo.

Kuhusu marafiki, Qur'ani imemnukuu mtu atakayesema siku ile, "Laiti nisingemfanya fulani kuwa rafiki!" Na Mtume alimfananisha rafiki mbaya na mfua vyuma: ama atakuunguzia nguo, ama utapata kwake harufu mbaya. Angalia kwamba mfua vyuma hakukusudia kukuunguza, cheche ziliruka tu. Wenzake mwanao huenda si wabaya wa nia. Kwa hiyo usimwambie "waache marafiki zako" ukaishia hapo, maana kwa kijana hilo ni kumwambia akae peke yake. Mtafutie pa kukaa: timu, darasa la msikitini, binamu mwenye tabia njema. Waalike hao wenzake nyumbani uwaone. Na mfundishe kukataa, jambo ambalo wazazi tunadhani mtoto analijua. Akipewa, aseme "sivuti" na aendelee na mazungumzo. Asitoe sababu, kila sababu itapata mtu wa kuibishia. Lifanyieni mazoezi nyumbani, wewe uwe mpaji na yeye mkataaji, mpaka neno limlainikie ulimini.

Akiacha atakuwa mkali, hatalala vizuri, kichwa kitamuuma. Siku tatu za mwanzo ndizo nzito, na wiki chache mbele hupungua. Usiuchukue ukali huo kuwa utovu wa adabu. Mpeleke kwa daktari, na daktari akiona anahitaji dawa ya kumsaidia, hata ile yenye nikotini kidogo inayopunguzwa pole pole, hiyo ni tiba na haina ubaya. Akirudia, atubu tena na aanze tena. Wengi waliofanikiwa hawakufaulu mara ya kwanza.

Saumu: mvuke wa vepu una vitu halisi vinavyoingia ndani kwa kusudi, basi hubatilisha saumu kama moshi wa sigara. Ikiwa alikwisha kubaleghe Ramadhani hiyo, azihesabu siku alizovuta kwa kadiri anavyokumbuka, azilipe na atubu.

Na sasa kiapo chako. Siku 9 mtoto huyu amesemeshwa na wanaovuta, na mama yake amenyamaza. Mtume, rehema na amani zimshukie, amesema aliyeapa juu ya jambo kisha akaona lingine bora kuliko hilo, afanye lililo bora na akitolee kafara kiapo chake. Kafara ni kulisha masikini 10 au kuwavisha. Usipoweza, funga siku 3. Usingoje aache ndipo useme naye, sema naye ili aweze kuacha. Mgongee mlango leo usiku, kafara utaitoa kesho.

Wallahu aalam.