Shujaa wako anajua uzito wa gunia

SWALI

Shikamoo Mwalimu. Nina miaka 24, nauza vifaa vya shule hapa Tukuyu na usiku naandika riwaya. Nchi niliyoibuni iko juu ya milima ya ukungu. Watu wote wanavaa kijivu, king'ora kinawaamsha saa kumi alfajiri, na Baraza ndilo linaloamua nani aoe, nani ahamishwe, nani asitajwe tena. Shujaa wangu, Ambakisye, ni mpimaji kwenye ghala la viazi. Analichukia Baraza tangu ukurasa wa kwanza, na sura ya pili anapanda juu ya meza na kuhutubia. Rafiki yangu amesoma akaniambia: “Anachosema nakikubali, ila mtu mwenyewe simjui.” Imeniuma kwa sababu ni kweli. Nifanyeje ili awe na ubinafsi wake, asifanane na waasi wengine wa vitabuni? Na je, ni lazima ashinde? Naambatanisha sura tatu za mwanzo.

Kijana wa Tukuyu

JIBU

Marahaba, mwanangu. Sura zako nimezisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa na kalamu mkononi na jiko la mkaa miguuni, maana baridi ya Iringa mwezi huu haina huruma.

Nianze na neno lako mwenyewe: ubinafsi. Kwetu hilo ni neno la lawama. Mbinafsi ni yule anayekula kafunga mlango. Ukitafuta neno la sifa utapata upekee, utapata nafsi, utapata utu, na kila moja linavuta upande wake. Usilione hilo kuwa tatizo la lugha. Baraza lako lingelipenda sana neno hili! Mtu akitaka dakika kumi tu za kutembea peke yake jioni, ataitwa mbinafsi mbele ya mtaa mzima, na majirani watatikisa vichwa kukubali, kwa sababu wao pia walilelewa kuuchukia ubinafsi. Katika riwaya yake ya 1949 kuhusu Winston Smith, George Orwell aliwapa watawala neno la kutunga, la lugha yao mpya, lililomaanisha mtu kupenda maisha yake ya pekee, na kutembea peke yako tu kulitosha kukutilia mashaka. Yeye ilibidi alitunge. Wewe unalo tayari, limo vinywani mwa wasomaji wako. Mshitaki Ambakisye kwa neno hilo.

Sasa hotuba ya juu ya meza. Iondoe. Najua umeihangaikia, na ina sentensi mbili nzuri sana. Lakini angeweza kuitoa mtu yeyote mwenye hasira. Hesabu maneno yake: uhuru, umma, heshima, kesho yetu. Kisha rudi ukurasa wa nne usome mabango ya Baraza ukutani. Ni maneno yale yale. Mtu wako anadhani anaasi, kumbe bado anazungumza kwa kinywa cha anayemtawala.

Na hiyo chuki ya ukurasa wa kwanza imetoka wapi? Mtu aliyezaliwa ndani ya utawala wa namna hiyo, ameimba nyimbo zake tangu utotoni, haamki siku moja anauchukia. Yevgeny Zamyatin, Mrusi aliyeandika riwaya ya namna hii mwanzoni mwa miaka ya 1920, alimfanya msimulizi wake kuwa mhandisi anayeisifu dola kwa moyo wake wote. Watu huko hawana majina, wana namba. Yeye ni D-503. Kitu kimoja tu kinamwaibisha: mikono yake ina manyoya mengi, hailingani na usafi wa nchi ya vioo anayoipenda. Sisi wasomaji tunamfahamu kwa mikono ile kabla yeye hajajifahamu.

Nami nataka nikuonyeshe mikono ya Ambakisye, kwa sababu umeshaiandika. Ukurasa wa 31, sentensi moja, umeipita mbio kama mtu anayevuka barabara kuu: “Aliinua gunia, akajua limepungua, akaandika kilo mia.”

Hapo niliweka kalamu chini.

Marehemu mama yangu aliuza maharage sokoni Makambako. Mchuuzi akija kununua na debe lake, mama hakubishana naye. Alilipokea, akapitisha kiganja ndani, taratibu, mpaka chini, akitafuta pale kitako kilipogongwa kikabenuka kwa nje. Akilipata bonde hilo, aligeuza debe juu chini, akaligonga mara mbili kwa kifundo cha kidole, akamrudishia mwenyewe bila neno. Wanawake wa meza za jirani walisikia ule mlio na kila mmoja akajua. Nilikuwa na miaka tisa na hadi leo naweza kuusikia.

Huyo ndiye mtu wako. Kiganja chake kinajua uzito ambao karatasi inaukataa. Baraza linaweza kumvalisha kijivu, kumchagulia mke, kumpangia saa ya kulala, lakini kiganja hakijui kudanganya. Kila siku anaandika mia, na kila siku mkono unamwambia tisini na mbili. Kaa hapo, kurasa kumi nzima ukiweza. Wewe ni mtu wa Rungwe, lumbesa unaijua: gunia limeshonewa kichwa juu ya kichwa, mkulima analipwa kama gunia moja. Lipe Baraza ujanja wa aina hiyo. Litangaze kwamba gunia limekuwa la ukubwa huu tangu zamani za mababu, na ghala zima lipige makofi.

Winston naye yuko hapo hapo. Mgawo wa chokoleti unapunguzwa kutoka gramu 30 hadi 20 kwa wiki, na kesho yake yanatangazwa maandamano ya kushukuru kwamba umepandishwa hadi 20. Saa 24 hazijaisha! Anatazama wenzake wakimeza habari hiyo, na anajiuliza kama ni yeye peke yake mwenye kumbukumbu. Shajara yake iliyofichwa inatoka katika njaa hiyo hiyo, ya kutaka jambo lililotokea libaki limetokea. Hakuna hotuba inayoweza kunisogeza karibu naye kama zile gramu kumi.

Kuhusu kushinda, sitakuchagulia. Winston anavunjwa mpaka mwisho. Karama wa Shaaban Robert, katika Kusadikika ya 1951, anashinda: ameshitakiwa kwa kutaka kuanzisha elimu ya sheria, na kizimbani anasimulia habari za wajumbe sita ambao nchi iliwatuma, ikawatesa, ikawatupa gerezani. Mwishowe wanafunguliwa. Ninachokuomba ukitazame kwa Karama ni kwamba muda mwingi wa utetezi wake anatumia kuwasemea wengine. Upekee wake ni kukataa kuwasahau watu sita. Mbele ya mtu kama huyo, shitaka la ubinafsi linakosa pa kushika. Ambakisye akiwa peke yake na gunia lake nitamwonea huruma. Akiwa na mtu ambaye zile kilo nane zimetoka sahanini kwake, nitakesha naye.

Jambo dogo la ufundi: king'ora chako kinalia mara kumi na nne katika sura tatu. Kiache kilie mara mbili, na mara ya tatu kisilie. Utaona watu wako watakavyohangaika.

Anza upya na sura ya tatu, iwe ya kwanza. Ukimaliza nitumie, hata kama ni kwa mwandiko wa mkono. Na unipe jina la mama yake Ambakisye. Katika kurasa zote hizi anapika, anakohoa, anahesabu viazi kabla ya kuvitia chunguni, na hujamwita jina hata mara moja.