Kabla ya kuuliza ukoo, ulizeni marafiki

Mhariri, swali lenu la wiki hii limenigusa: mtu aliyeondoka kijijini zamani, au aliyezaliwa mbali kwa kuwa wazazi wake waliondoka, aanzie wapi kuwatafuta marafiki wa utotoni na kuijua asili ya ukoo wake? Naandika kutoka Moshi mjini, lakini kwetu ni Rombo, na jambo hili nimelihangaikia kwa miaka mingi.

Jibu langu ni kwamba aanze na marafiki. Asianze na ukoo, hata kama ukoo ndio anaoutaka. Amtafute kwanza aliyesoma na baba yake, aliyeshuka naye kukata majani ya ng'ombe, aliyetahiriwa naye, aliyefanya naye kazi. Ndugu watapatikana kupitia huyo, tena watampokea kwa moyo mweupe.

Sababu ya kwanza ni ardhi, na afadhali tuiseme wazi. Huku mlimani Kilimanjaro kihamba, yaani shamba la ukoo, ndicho kila kitu: nyumba, migomba, kahawa, zizi, makaburi ya wazee na masale, mimea yetu ya mila, yaliyopandwa mpakani. Kwa mila zetu Wachagga mtoto wa kwanza wa kiume alikuwa na fungu lake, na kitindamimba alibaki na nyumba ya wazazi. Wa katikati walitakiwa kujitafutia. Mlima ulipojaa watu, kujitafutia kukawa ni kuondoka. Wengine walishuka tambarare, wengine wakaenda Arusha, Tanga, Dar es Salaam, wengine wakavuka hadi Mombasa na Nairobi. Ndiyo maana matawi ya ukoo yanayopotea mara nyingi ni ya hao watoto wa katikati. Sasa mjukuu wa mmoja wao anapotokea bila taarifa, simu mkononi anapiga picha, anauliza kihamba cha babu kilianzia wapi kikaishia wapi, wenye nyumba wanaona kesi imeingia uani. Watampa soda, watamuuliza habari za safari, kisha watamwambia wazee waliojua mambo hayo walishakufa. Siwalaumu. Mtu mwenye kipande kidogo na watoto wanne wa kiume ana haki ya kuogopa.

Rafiki hana hofu hiyo. Hana cha kugawana na wewe. Ukimtajia jina la baba yako, yeye anakumbuka walivyoiba miwa pamoja, na atakusimulia mpaka giza liingie.

Sababu ya pili ni kwamba jina la ukoo peke yake halikufikishi mbali. Simama stendi ya Moshi useme unawatafuta kina Tarimo, kina Shirima, kina Massawe au kina Mushi. Wako maelfu. Utaulizwa: wa Rombo, wa Kibosho, wa Machame? Wa kijiji gani, kitongoji gani, karibu na nani? Majibu ya maswali hayo hayamo kwenye jina. Wanayo majirani na waliokua pamoja.

Nieleze yaliyotukuta sisi, maana ndiyo yaliyonifundisha haya.

Baba yangu mdogo alikuwa mtoto wa katikati. Alipata kazi Shirika la Reli la Afrika Mashariki, akapangiwa Voi, nchini Kenya. Enzi hizo Voi haikuwa mbali na kwetu. Reli ilitoka Moshi, ikapita Kahe na Taveta, na mfanyakazi wa reli aliweza kuja likizo na mfuko wa sukari akarudi kazini bila shida. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika, na Februari mwaka huohuo mpaka wa Tanzania na Kenya ukafungwa. Watanzania wengi waliokuwa wakifanya kazi upande wa pili walirudi. Yeye hakurudi. Tulisikia tu kwamba alikuwa ameoa huko na mke wake ana mtoto mchanga. Kwetu Rombo, siku isiyo na ukungu, ukisimama kihambani unaiona tambarare ya Tsavo kule Kenya mpaka macho yachoke. Bibi alikuwa akitoka asubuhi anatazama upande ule. Alifariki mwaka 1981, mpaka ukiwa bado umefungwa, na mwanawe hakumzika. Mpaka ulifunguliwa Novemba 1983, lakini kufikia hapo mawasiliano yalikuwa yamekwisha kukatika, na baba yangu naye hakukaa sana duniani.

Nilipoanza kutafuta niliwauliza ndugu, kama kila mtu anavyofanya. Nilipata huruma nyingi na habari kidogo. Kilichofungua njia ni daftari la rambirambi la msiba wa bibi, ambalo mama yangu alilitunza kwenye sanduku la nguo.

Wasomaji wa huku wanayajua madaftari haya. Kila msiba una lake. Anateuliwa mtu mwenye mwandiko mzuri, anakaa mezani karibu na mlango, na kila anayefika anaandikwa jina, mahali atokako na alichotoa, ili siku yake ikifika naye asiachwe peke yake. La bibi lilikuwa la shule, jalada limetoka, mende wamekula pembe. Ndani kuna safu tatu zilizopigwa kwa rula. "Sh 10." "Mkungu 1." "Mahindi debe 1." "Kuni mzigo 1." Katikati ya ukurasa mmoja nikaona jina ambalo si la ukoo wetu wala la jirani yeyote ninayemjua, na mbele yake, mahali pa kijiji, pameandikwa "Reli, Voi". Alitoa sukari kilo 2. Nyinyi mnaoikumbuka miaka ile mnajua kilo mbili za sukari zilikuwa na uzito gani, na namna watu walivyopanga foleni kwa robo kilo. Nilimuuliza mama huyu ni nani. Akasema, "Si yule rafiki wa baba yako mdogo, aliyekuwa akija naye likizo?"

Kwa hiyo kulikuwa na mtu aliyerudi mwaka 1977, akasikia mama wa rafiki yake amefariki, akapanda mlima kuja kuzika kwa niaba ya rafiki aliyekwama ng'ambo ya mpaka. Na sisi wenye msiba hatukumkumbuka hata sura.

Kumpata hakukuwa kugumu kama nilivyohofia. Wafanyakazi wa iliyokuwa Jumuiya walikuwa wamedai mafao yao kwa miaka mingi sana, na madai hayo yaliwaweka pamoja. Wastaafu wa reli wanajuana kwa majina, kwa vituo, hata kwa magonjwa. Nilimuuliza mzee mmoja mstaafu hapa Moshi, akanipeleka kwa mwingine, na huyo akanionyesha nyumba. Nilibisha hodi, nikasema shikamoo, nikajitambulisha kuwa mtoto wa kaka wa rafiki yake wa Voi. Mzee aliweka kikombe chini akanishika mikono yote miwili. Hakuuliza nataka nini. Alianza kunisimulia mpira waliocheza, chumba walichokaa wawili kabla ya kuoa, na namna baba mdogo alivyokuwa hawezi kulala bila kuzungumzia ndizi za mama yake. Habari za baba yangu mdogo akiwa kijana, anacheka, anaota, sikuwa nimezisikia kwa ndugu hata mmoja. Hata nisingempata mtu mwingine yeyote, siku ile ingetosha kunilipa.

Lakini alinipa na njia. Alisema baba mdogo alifunga ndoa kanisani, tena ndoa ya Kikatoliki, huko Taita, upande wa Voi. Jina la parokia lilikuwa limemtoka, la mke pia. Hapo ndipo nikakumbuka vitabu vya ubatizo. Wakatoliki wengi hawajui kwamba mtu anapofunga ndoa, parokia aliyofungia inatakiwa kuitaarifu parokia aliyobatizwa, na taarifa hiyo huandikwa pembeni mwa jina lake katika kitabu. Nilikwenda parokia yetu Rombo, katibu akakitoa kitabu kikubwa kizito, tukashuka na kidole mstari kwa mstari. Ubatizo wake uliandikwa kwa Kilatini cha mapadre wa zamani. Pembeni, kwa wino mwingine na mwandiko mwingine, kulikuwa na tarehe ya ndoa, jina la mke na jina la parokia. Lilikuwa pale muda wote, mwendo wa nusu saa kutoka nyumbani kwetu. Bila yule mzee nisingejua hata kwamba kuna ndoa ya kutafuta.

Niliandika barua parokia ile, majibu yakaja, na kwa majibu hayo nikawapata watoto wake. Baba mdogo mwenyewe alikuwa ameshatangulia.

Vitabu hivi ni hazina, na naomba kila msomaji mwenye asili ya mlima avikumbuke. Misheni ya Kilema ilianza mwaka 1891, Kibosho na Machame ya Walutheri 1893, Mkuu Rombo 1898. Walutheri wana vitabu vya ubatizo na vya kipaimara. Ila nendeni mkiwa na jina la ubatizo, jina la baba na angalau makisio ya mwaka, na mumwombe katibu kwa adabu, maana ana kazi nyingine.

Kuna watakaosema siku hizi mambo haya yamerahisishwa na vipimo vya vinasaba. Ni kweli vina nguvu. Hapa Old Moshi Wajerumani walimnyonga Mangi Meli, mtawala wa Wachagga wa hapa, tarehe 2 Machi 1900 pamoja na viongozi wengine, na familia zimekuwa zikidai mabaki ya watu wao kwa miaka mingi. Septemba 2023 ikatangazwa Berlin kwamba fuvu moja katika makusanyo ya huko, lililoandikwa jina la Akida, mshauri wa Mangi Meli, limelingana na vinasaba vya ndugu walio hai huku. Fuvu la Meli mwenyewe halikuwemo katika waliotambuliwa. Habari hiyo iliniliza. Lakini tazameni kazi ilivyofanyika: maabara ilihitaji mate ya watu walio hai, na watu hao walijulikana kwa sababu kuna wazee ambao kwa zaidi ya miaka mia moja walikuwa wakiambiana huyu ni mjukuu wa nani. Kipimo kimethibitisha kile ambacho vinywa vya watu vilikilinda.

Nirudi kwetu. Watoto wa baba mdogo walikuja Rombo Desemba, wakati ule ambao Wachagga wote hupanda mlima kwenda kuhesabiwa. Ukoo ulikuwa umegawanyika. Baba mkubwa aliyebaki na kihamba hakulala usiku ule, mkewe ndiye aliyeniambia. Asubuhi wazee walipokaa, aliyesimama kwanza ni yule rafiki wa Voi. Tulimpandisha na gari kwa sababu miguu haimruhusu tena. Alikuwa ameshika jani la isale. Akamwelekea baba mkubwa akasema, "Meku," yaani mzee, "watoto hawa hawakuja kupima kihamba. Wamekuja kuona alikozaliwa baba yao na kusalimia kaburi la bibi yao. Mimi nilikaa naye chumba kimoja, namjua. Angekuwepo angesema hivihivi." Kwetu isale ni jani la kuombea amani, halikataliwi. Baba mkubwa alilipokea, akanyamaza kidogo, kisha akamwambia mkewe alete mbege, pombe yetu ya ndizi. Neno lile, kama ningelisema mimi, lingesikika kama ujanja wa mtoto wa ndugu. Na kama wangelisema wageni wenyewe, nani angeamini? Lilihitaji mtu ambaye hana shina hata moja la mgomba pale.

Kwa hiyo kwa anayejiandaa kurudi nyumbani baada ya miaka mingi, nasema: usifike na orodha ya mipaka. Tafuta mtu wa rika la mzazi wako, mketi, umsikilize. Muulize walisoma na nani, nani alisimamia ndoa, nani alikuja kwenye msiba fulani. Omba kuona madaftari ya rambirambi kabla hayajachomwa na wajukuu wanaosafisha nyumba. Kwenye magrupu ya WhatsApp ya ukoo, ambako siku inaisha kwa salamu na michango, uliza swali moja lenye jina la mtu, mahali na miaka, utashangaa nani atajibu. Usipofanya hivyo utarudi mjini na picha za mlima tu.

Na msiwasahau mashangazi. Hili linaniuma zaidi kuliko yote niliyoyasema. Orodha za koo zetu zinahesabu watoto wa kiume, basi. Binti akiolewa mbali jina lake linakatika, na watoto wake wanakua bila kujua mlima wa mama yao. Mimi nina shangazi mmoja, mkubwa kwa baba mdogo, aliyeolewa na mtu wa mashamba ya mkonge upande wa Korogwe, na kwenye karatasi ya ukoo wetu hayumo kabisa. Sijaanza kuwauliza kina Tarimo wala kina Shirima habari zake. Nawatafuta akina mama waliosoma naye shule ya misheni, na mmoja nimeshamsikia, anakaa Himo kwa binti yake. Jumamosi nakwenda kumsalimia.