Waya wa 2.5 ulinivunjia jina Raskazone

Juzi kijana fundi umeme wa Muheza kaniandikia: "Shikamoo fundi. Nimepata kazi ya sauna, hita ya kilowati 6, iko uani mbali na nyumba. Nikivuta waya wa 2.5 si itatosha?" Sauna ni chumba cha kujifukiza kwa joto kali, na 2.5 ni unene wa shaba ya waya, milimita za mraba. Nilisoma mara mbili nikaweka simu chini. Swali hilo niliwahi kulijibu vibaya kwa mikono yangu mwenyewe, mwaka wa pili baada ya kutoka chuo cha ufundi, VETA.

Kuna mama pale Raskazone aliyeishi Ufini miaka mingi. Alirudi na hita yake, nayo ya kilowati 6, akajengesha kibanda cha mbao uani, chini ya mwembe. Majirani walishangaa: kwa joto hili la Tanga, mtu ajifungie tena kwenye nyuzi 80? Yeye alisema mifupa yake imezoea. Mimi niliona nimepata kazi ambayo fundi mwenzangu yeyote niliyemjua hajaishika.

Nilivuta 2.5, ile ile ya soketi, mita 35 kutoka meni swichi, ndani ya bomba la plastiki. Nikaweka breka ya ampia 20. Hita ikawaka, baada ya muda breka ikajikata. Nikairudisha, ikajikata tena. Hapo nikafanya jambo ninaloliona aibu mpaka leo: nilitoa breka ya 20, nikaweka ya 32. Ikatulia. Nikalipwa, nikaondoka kifua mbele.

Wiki ya tatu akanipigia. Mawe yanayopashwa na hita hayashiki moto vizuri, na kibandani kuna harufu ya plastiki. Nilipofungua jointi boksi, kile kisanduku cha kuunganishia waya, maganda ya waya yalikuwa yameyeyuka na ubao wa nyuma umeshaanza kuwa mweusi. Mama hakunifokea. Alisema tu, "Mwanangu, ningefia humu."

Habari ilisambaa. Karibu mwaka mzima sikupata kazi upande ule wa mji, na waliokuwa wakiniita fundi wakanipita barabarani bila salamu. Liliniuma, na bado linaniuma.

Hesabu yenyewe ni fupi. Wati 6,000 gawanya kwa volti 230, unapata ampia 26. Na hita ya sauna si pasi ya kuwasha na kuzima. Inavuta mzigo huo saa nzima. Waya wa 2.5 uliofungiwa ndani ya bomba unaelemewa, na breka ya 32 haioni kosa lolote kwa sababu 26 ni ndogo kuliko 32. Breka ipo kulinda waya. Ikijikata, inakuambia kitu. Usiinyamazishe kwa kuweka kubwa.

Halafu kuna umbali. Kwa mita 35, 2.5 inapoteza kama volti 15 njiani, na hita ya kilowati 6 inabaki na 5 na kidogo. Ndiyo maana mawe ya mama yalikuwa yanasuasua. Kwa waya wa 10 upotevu ni kama volti 4 tu.

Nilirudi kwa mama nikaifanya upya, waya nikinunua kwa pesa yangu. Kebo ya ardhini ya 10 yenye vazi la chuma, mtaro tuliochimba kwa mtaimbo kwa siku mbili maana chini ni matumbawe, athi yake, na kifaa cha kukata umeme unaovuja, cha miliampia 30. Ndani ya kibanda sikupitisha tena waya wa plastiki, ambao kikomo chake ni nyuzi 70. Niliweka wa silikoni. Jointi boksi ikahamia nje, na imefunikwa vizuri, maana chumvi ya bahari hii inakula shaba. Sauna ile inafanya kazi mpaka leo.

Mafundi vijana, mteja akisema waya mnene ni ghali, mweleze hesabu. Akikataa, mwachie kazi yake. Njaa ya wiki moja inavumilika. Mtu anaingia kwenye kile kibanda akiwa hana nguo, mwili umelowa jasho, anakuamini wewe.

Nawe kijana wa Muheza, usinunue kitu bado. Pima njia yote ya waya, kona zote na kupanda ukutani, si umbali wa kukadiria kwa macho. Nitumie mita hizo pamoja na picha ya kibandiko cha hita, tupige hesabu pamoja.