Kabla Hujawasha Jeti, Ijue Oili

Jumatano usiku nilipata ujumbe kutoka kwa kijana wa Mbeya. "Shikamoo kaka. Nimeona video ya injini yako ya jeti. Nami nataka kutengeneza yangu, niifunge kwenye baiskeli. Itakimbia spidi ngapi?" Nimeurudia ujumbe huo mara kadhaa, maana swali lake ndilo nililoanza nalo mwaka 2019, na swali hilo liliniulia turbo mbili.

Kwanza niseme furaha yangu. Jumamosi iliyopita, nyuma ya gereji ya shemeji yangu Tabata, injini yangu ilijiendesha yenyewe dakika nne na sekunde ishirini. Nilitoa kipulizio mdomoni mwake, nikarudi nyuma, na mlio ukazidi kupanda. Aliyewahi kuhangaika na kazi hii anaijua sekunde ile. Mara zote za nyuma ukitoa upepo mlio unashuka, moto unatapika nje, basi. Safari hii haukushuka. Nililia mbele ya mafundi wote, na sioni aibu kulisema.

Watu wakisikia jeti wanafikiria ndege. Yangu nimeitengeneza kwa turbo ya lori. Turbo ya lori ina feni mbili kwenye shafti moja: moja inakandamiza hewa, nyingine inazungushwa na moshi. Kwenye lori, kati ya feni hizo mbili kuna silinda. Mimi mahali pa silinda nimeweka chemba ya moto. Hewa inakandamizwa, inaingia kwenye chemba, inakutana na gesi ya kupikia, inawaka na kutanuka, kisha inatoka ikipiga feni ya moshi, ambayo nayo inaizungusha ile ya hewa. Turbo ya namna hii huzunguka makumi ya maelfu ya mizunguko kwa dakika, kwa hiyo usisimame kamwe ubavuni mwa feni, hata kama umevaa miwani.

Kazi yenyewe iko kwenye chemba. Ndani yake kuna bomba jingine la stenlesi lenye matundu, na matundu hayo ndiyo injini. Mdomo wa hewa wa turbo yangu una kipenyo cha milimita 50. Kanuni ya wanaofanya kazi hii ni kwamba bomba la ndani liwe na kipenyo mara mbili ya mdomo huo na urefu mara sita, yaani milimita 100 kwa 300, na eneo la matundu yote likijumlishwa lilingane na eneo la mdomo, karibu milimita za mraba 1,960. Asilimia 30 ya eneo hilo inakaa kwenye chanzo cha moto, 20 katikati, na nusu nzima inakaa mwishoni ili hewa ipooze moshi kabla haujaifikia feni. Kwangu yametoka matundu 21 ya milimita 6, manane ya milimita 8, na manane ya milimita 12.5. Bomba la kwanza nilitoboa kwa kukadiria kwa macho, na moto ukahamia kwenye feni, ikawa nyekundu kama kaa la mkaa. La pili nilikaa na kikokotoo usiku kucha kabla ya kugusa drili.

Mwaka 2020 niliipeleka michoro yangu kwa mhadhiri wa chuo kimoja. Hakufunua hata ukurasa wa pili. "Nenda kasome kwanza," aliniambia mbele ya wanafunzi wake. Maneno hayo bado yananiuma. Siku zile nilikuwa nasoma habari za Frank Whittle, afisa wa jeshi la anga la Uingereza aliyeombea hataza, yaani haki ya mvumbuzi, injini ya jeti mwaka 1930. Wizara ya anga haikuona maana yake, na mwaka 1935 hataza ikafa kwa sababu ya ada ya pauni 5 ambayo hakuweza kuilipa. Tarehe 12 Aprili 1937 akaiwasha injini hiyo. Ilipandisha mzunguko yenyewe bila kutii mkono wake, watu wakakimbia, na baadaye ikagundulika kwamba mafuta yalikuwa yametuama ndani. Mimi yamenipata hayohayo kwa gesi. Nilifungua mtungi kabla ya cheche, chemba ikajaa, na moto uliotoka nyuma ulikuwa mrefu kuliko mkono wangu. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, inalala chini. Fanyia kazi nje, anza na upepo, kisha cheche, ndipo ufungue gesi kidogokidogo. Mdogo wangu, mpangilio huo usiubadilishe hata siku moja.

Sasa turbo zangu mbili. Shafti ya turbo kama zangu haishikwi na beringi za gololi kama ya baiskeli. Bushi zake, yaani pete za chuma zinazoishika, zinaelea kwenye oili, na oili hiyo lazima iwe na presha. Ya kwanza niliitundikia galoni la oili juu, nikaamini itashuka yenyewe. Haikufika dakika moja, shafti ikashika. Ya pili niliifungia pampu na geji, ikasoma bar 3, nikaendesha vizuri, nikazima kila kitu kwa pamoja nikaenda kunywa chai kwa furaha. Kumbe joto la feni ya moshi lilikuwa bado linasafiri kwenye shafti kuelekea kwenye bushi. Oili iliyosimama mle iliungua ikaganda kuwa masizi magumu, na asubuhi shafti haikugeuka. Laki tatu na nusu nilizowalipa wauza spea wa Gerezani zilikwenda hivyo, pesa niliyoikusanya miezi mitano.

Siku hizi nikifunga gesi, pampu inaendelea na kipulizio kinarudi mdomoni mpaka niweze kugusa chuma kwa kiganja. Joto la moshi silikubali lipite nyuzi 700. Na bomba la kurudisha oili nimelifanya pana na la kushuka wima, maana oili ikikwama itapenya kwenye feni na kutoa moshi mweupe.

Vijana wenzangu, tunapenda mno spidi. Tunarekodi mlio, hatuonyeshi geji. Mimi nilifanya hivyo na nimelipa. Heshimuni oili, heshimuni hesabu ya matundu, na asiwaambie mtu kwamba kazi hii ni ya wenye vyeti tu.

Kijana wa Mbeya, turbo ni nzito na msukumo wake ni wa kilo chache, kwa hiyo spidi ya baiskeli sitakudanganya. Nenda kwa wauza spea, shika shafti kwa vidole. Ikicheza pembeni kidogo ni kawaida, ikienda mbele na nyuma iache. Ukiinunua, fanya mfumo wa oili peke yake, bila gesi kabisa, na uuache uzunguke saa nzima. Kisha nitumie picha ya geji.